Noah ya Malindi, baridi ya Ol Kalou na moshi usionusika: kisa chote toka mwanzo

Hiki kisa cha Noah iliyokaribia kuwaua abiria wake kwa moshi wake yenyewe naandika kirefu manake kila nikikieleza kwa mdomo mtu anashika kipande kimoja tu, mmoja anasema ni betri, mwengine anasema baridi ya bara hiyo, mwengine anasema watu wa pwani hawajazoea, na mimi gari hii nimelala chini yake ilivorudi, nimeifungua, nimeongea na dereva na waliokuwa ndani, na nilichoona ni mnyororo mmoja tu, na mnyororo wenyewe haukuanzia Ol Kalou, ulianzia hapa hapa Malindi kwenye gereji.

Gari ni Toyota Noah ya petroli, gia otomatiki, kazi yake ya kila siku ni kubeba watu Malindi, Mambrui, Gongoni, na mara moja moja inakodishwa Mombasa. Julai ikakodiwa na familia iende posa Ol Kalou, Nyandarua. Hapo ndani alikuwa dereva, wazee wawili, bibi mtu mzima sana ambae ndo bibi yake bwana harusi, shangazi, na mama na mtoto wake mdogo. Ni safari ya zaidi ya kilomita 700, unatoka Malindi unapita Mombasa, Voi, Nairobi, unashuka Naivasha, Gilgil, alafu unapanda tena. Malindi ni usawa wa bahari, Ol Kalou ni zaidi ya mita 2,300 juu. Sisi huku kusi likivuma usiku ukiwa nyuzi 22 tushatoa masweta, kule Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10 na sehemu za Kinangop alfajiri nyengine unakuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Wamefika jioni, wenyeji wakawapokea vizuri, na kwa ukarimu wao wakasema gari isilale nje, wakaifungulia stoo ya viazi, mabati pande tatu na mlango mkubwa mbele.

Asubuhi yake walitaka kuondoka mapema. Dereva akawasha, stata ikazunguka mara mbili tatu nzito nzito alafu ikabaki ni tik tik tik. Akajaribu tena na tena huku anakanyaga mafuta. Hakuna. Jirani mmoja akaja na lori lake akataka kuwajampia, yaani kuiwasha Noah kwa waya toka betri ya lori, na hapa dereva alifanya jambo la maana sana, alikataa, akauliza kwanza lori ni volti ngapi, akaambiwa 24. Malori mengi yana betri mbili zimeungwa zikatoa 24, na Noah ni 12, ukiunganisha hivo unaweza kuunguza kompyuta ya gari na altaneta inayochaji betri na taa zote kwa sekunde. Wakasubiri pikapu ya volti 12, wakaunganisha vizuri, chanya ya betri mbovu, chanya ya betri nzima, hasi ya betri nzima, na waya wa mwisho kwenye chuma cha injini ya Noah mbali na betri. Ile cheche ya mwisho haitakiwi iruke juu ya betri kwa sababu betri inatoa haidrojeni na haidrojeni inalipuka. Gari ikawaka.

Hapo kila mtu akasema alhamdulillahi, na kumbe hatari ndo ilikuwa inaanza.

Dereva akaogopa kuizima isije ikakataa tena, akaogopa pia kuondoka na injini baridi kwa sababu alishasikia kwamba bara lazima upashe gari moto mpaka geji ya joto ifike katikati. Bibi alikuwa anatetemeka, wakamuingiza ndani ya gari, na shangazi, na mama na mtoto, vioo vikafungwa, hita ikawashwa feni ya mwisho. Mlango wa stoo ukarudishwa ukaachwa upenyo tu, upepo ulikuwa unaingia mkali. Dereva akawa anaingia anatoka, anapakia mizigo, anaangalia geji. Geji haipandi. Hita inapuliza baridi. Akakanyaga mafuta kidogo ikae juu ipate moto haraka. Geji haipandi. Anavyosema yeye ilipita zaidi ya nusu saa, na aliniambia maneno haya, "Fundi, mimi niliona namsaidia bibi asipigwe na baridi." Namuamini kabisa.

Shangazi akaanza kulalamika kichwa kinamgonga, wakasema ni kule juu, hewa nyepesi. Mama mtoto akasikia kichefuchefu, wakasema ni maziwa ya jana usiku. Mtoto akalala, wakasema mwacheni alale, ameamshwa mapema. Bibi akawa anajibu maneno hayaeleweki, wakasema uzee na baridi. Kila dalili ilipewa jina lake na hakuna aliyezijumlisha. Aliyezijumlisha ni binti mmoja wa kule nyumbani, nesi, alikuja kuaga akafungua mlango wa stoo akapigwa na moshi, akaona watu wamelegea ndani ya gari vioo juu, akapiga kelele zima gari, toeni watu wote nje, mlango fungueni wote. Wakatolewa kwenye hewa, wakapelekwa hospitali na gari nyengine, wakawekwa oksijeni. Wote walipona, hata bibi, ila bibi alikaa siku kadhaa kichwa hakijatulia.

Sasa twende kwenye gari.

Betri nitaipita haraka. Betri ilikuwa imekufa tayari ikiwa Malindi, wao hawakujua tu. Watu wanadhani baridi ndo inaua betri, kumbe joto ndo linaiua na baridi inakuja kuifichua. Kwenye joto letu, na ndani ya boneti kukiwa kama tanuri, maji ya betri yanakauka na sahani zinaliwa haraka, mafundi wa betri wana kanuni kwamba kila joto likizidi nyuzi 10 umri wa betri unakaribia kukatika nusu. Lakini kwa joto hilo hilo injini ya Malindi inawaka kirahisi, oili nyepesi, stata haihitaji nguvu nyingi, kwa hivo betri dhaifu inapita mtihani kila siku. Peleka juu kwenye baridi, betri ya asidi ikifika nyuzi 0 inaweza kupoteza kama theluthi ya nguvu yake, na wakati huo huo oili imekuwa nzito. Kwenye hii Noah walikuwa wameweka oili ya 20W-50 ambayo ni nzito kuliko inavyotaka injini ile. Kwa baridi ya Ol Kalou peke yake 20W-50 isingeizuia gari kuwaka, sitaki kusema uongo, lakini juu ya betri mbovu ikamalizia. Betri nzima ikiwa imepumzika inasoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.0 hiyo karibu ni tupu. Hii ilikuwa hata hapo haifiki.

Themostati ndo roho ya kisa hiki.

Nilivofungua nyumba ya themostati nikakuta tupu. Hakuna kitu. Mwenye gari akanieleza bila kuficha, mwaka uliopita gari ilikuwa inaovahiti, yaani inachemsha, kwenda Mombasa, fundi mmoja akaitoa akasema sisi huku kwenye joto hatuihitaji, ni ya nchi za baridi, na kweli kuovahiti kukapungua. Hii kauli imeenea gereji nyingi za pwani na inaniuma kila nikiisikia. Themostati ni kilango chenye nta ndani, maji yakiwa baridi kinafunga ili maji yazunguke ndani ya injini tu bila kwenda rejeta inayoyapoza, injini ipate moto haraka, yakifika nyuzi 82 mpaka 88 hivi, inategemea gari, nta inayeyuka inatanuka kilango kinafunguka. Kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto lake, Malindi au popote. Tena injini nyingi ile themostati ina kisahani cha chini kinachoziba njia ya pembeni injini ikishapata moto, ukiitoa njia ile inabaki wazi na maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupoa, kwa hivo unaweza ukaitoa kukimbia kuovahiti na ukaovahiti vizuri zaidi kwenye mlima.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa rejeta. Imeziba. Hii gari ilikuwa inajazwa maji ya kisima, na visima vyetu vingi hapa Malindi mnajua maji yake yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe kwenye sufuria, sasa fikiria ndani ya vijibomba vya rejeta. Hakuna kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini, hata tone, ni maji na kutu. Dawa ilikuwa kusafisha au kubadilisha rejeta na kuweka kulanti, ikachukuliwa njia ya mkato.

Sasa ipeleke gari hiyo Ol Kalou, nje nyuzi 8 au 9, imesimama haiendi popote, maji yanapita rejeta toka sekunde ya kwanza. Inapoa kwa kasi ile ile inayojitahidi kupata moto. Ungeweza kuiacha mpaka adhuhuri geji isifike katikati. Na hita ya gari inachukua joto lake kwenye maji hayo hayo, maji hayana moto basi hita inapuliza baridi. Na kompyuta ya gari inasoma sensa ya maji, ikiona injini baridi inaongeza petroli na kupandisha mzunguko, ndo maana gari ikiwaka asubuhi inanguruma juu alafu inashuka yenyewe. Hii haikushuka. Ilikaa muda wote inamwaga petroli nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma, na petroli isiyoungua vizuri ndo inatoa gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi kwa wingi. Plagi nilizozitoa zilikuwa nyeusi tii, masizi makavu.

Kwa hivo angalieni, dereva alikuwa anasubiri geji ambayo haiwezi kupanda, abiria wanasubiri joto ambalo haliwezi kuja, na kila dakika wanayosubiri gesi inazidi. Kama themostati ingekuwepo ndani ya dakika chache hita ingeanza kupuliza vuguvugu, wangeondoka zao. Huo ndo uchambuzi wangu na sitoki hapo.

Egzosi nayo, ile paipu ya moshi. Noah hii inalala karibu na bahari, inapita Mambrui na Gongoni kwenye mashamba ya chumvi kila siku, kusi likivuma linaleta ule unyevu wa chumvi unaoganda mpaka kwenye madirisha. Chuma cha egzosi hakistahimili. Nilikuta paipu ina tundu kabla ya sailensa, chini ya siti za katikati, tundu la kuingia vidole viwili, na fleksi, kile kipande cha paipu kinachonyumbuka, imechanika. Katalitiki, ile inayopunguza sumu ya moshi, ilishatolewa zamani pakawekwa paipu tupu. Hata hivo niseme ukweli, katalitiki yenyewe haifanyi kazi mpaka ipate moto wa nyuzi 250 au 300 hivi, kwa hivo dakika za mwanzo za asubuhi ya baridi hata gari nzima inatoa sumu. Sakafuni kuna raba moja ya kupitisha waya haipo, na raba ya mlango wa nyuma imekaushwa na jua ikapasuka. Malindi hakuna aliyeona dalili yoyote, gari inatembea, vioo chini, upepo unapita. Ilihitaji mara moja tu isimame vioo vikiwa vimefungwa.

Na kitu watu wanasahau, feni ya hita inavuta hewa ya nje pale chini ya kioo cha mbele. Ndani ya stoo ile hewa ya nje ndo ule moshi. Kwa hivo hata kama egzosi ingekuwa nzima bado feni ingewaingizia. Sitaki mtu asome hapa aseme gari yangu haina tundu basi niko salama. Gari mpya kabisa ikinguruma ndani ya chumba inaua, na kuacha mlango wazi upande mmoja hakutoshi, gesi inajazana haraka kuliko inavyotoka.

Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu. Ile harufu unayoisikia ni ya petroli mbichi na takataka nyengine, na pua ikishazoea huisikii tena. Ikiingia kwenye damu inashika hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ni kama abiria aliyekalia kiti chako na hashuki mpaka stendi ya mwisho, mwili unapumua lakini hewa haifiki. Ukikaa kwenye hewa safi tu inachukua kama saa 4 mpaka 6 nusu yake itoke, ukivutishwa oksijeni safi muda huo unashuka mpaka kama saa moja au moja na nusu, ndo maana hospitali ni lazima hata kama mtu anasema nasikia nafuu. Mtoto, mja mzito, mzee, mwenye moyo mbovu au damu chache wanaumia kabla ya wengine, na juu milimani hewa yenyewe ina oksijeni pungufu kwa hivo inakuwa mbaya zaidi. Na kuna jambo nesi yule alilisisitiza, kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni kinadanganyika, hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba hii sumu, kwa bibi kilisoma namba nzuri tu huku ameshazubaa. Mueleze daktari kwamba mlikuwa ndani ya gari inanguruma, yeye hatajua hilo kwa kuangalia macho.

Ilivotakiwa ifanyike asubuhi ile ni hivi, na namuandikia yeyote wa huku anaepanda Nyandarua, Limuru, Timboroa au popote kwenye baridi. Gari isukumwe nje kabla ya kuwashwa. Kama ni otomatiki weka N, watu watatu wanaitoa, na usidanganywe kwamba otomatiki utaiwasha kwa kusukuma, hiyo haiwezekani. Mkia wa egzosi usielekee ukuta wala nyumba, na upepo usiurudishe kwenye milango. Zima taa, redio, feni, kila kitu, fungua swichi subiri sekunde mbili tatu pampu ya mafuta ijaze presha, alafu piga stata bila kukanyaga mafuta, hizi za injekta hazitaki kukanyagwa, unazamisha plagi kwa petroli bure. Usipige zaidi ya sekunde 10, ikikataa pumzika kama nusu dakika au zaidi stata ipoe na betri ijikusanye, ikikataa mara tatu nne acha, tafuta jampa. Kama ni dizeli subiri taa ya hita plagi izime kwanza. Ikiwaka ipe nusu dakika mpaka dakika moja oili ipande, ondoka polepole, usiivute kwa nguvu kilomita za mwanzo. Injini inapata moto haraka zaidi ikitembea kuliko ikisimama, kunguruma muda mrefu ukiwa umesimama ni kupoteza mafuta na kuosha oili kwenye kuta za silinda kwa petroli isiyoungua. Abiria wakae ndani ya nyumba na mablanketi yao mpaka gari iko nje tayari kuondoka. Na ukiogopa kuizima kwa sababu ya betri, sawa, isizime, lakini iwe nje na watu wasiwe ndani.

Na mtu asiniambie basi tungeweka jiko la makaa mle ndani, makaa yanatoa gesi ile ile.

Kule Ol Kalou fundi wa pale aliwafungia paipu ya muda, wakarudi vioo wazi. Mimi nimeweka betri mpya, themostati ya nyuzi 82, rejeta mpya manake ile haikusafishika, kulanti, oili 5W-30 kama kitabu cha gari kinavosema, fleksi mpya na kipande cha egzosi kimechomelewa upya mpaka nyuma. Mwenye gari akaniuliza kwa wasiwasi, "Fundi, na hii themostati haitatuchemsha tena barabarani?" Nikamwambia mzee wangu twende Mombasa na kurudi, uiangalie geji wewe mwenyewe. Tukaenda mchana wa jua kali, tumejaza watu, geji imekaa katikati haijatikisika, na anasema mafuta pia yamepungua, jambo ambalo ningelitarajia kwa sababu kompyuta imeacha kudhani injini ni baridi siku nzima.

Bado raba ya mlango wa nyuma, iliyokuja haikuwa saizi yake nikairudisha. Ya sakafuni nimeshaiziba. Mpaka ya mlango ipatikane tumekubaliana inafanya kazi ya Mambrui na Gongoni tu.